Mwombolezaji Aliyechelewa

Wengine wenu mmebahatika kuaibika mbele ya watu kumi, mkapita njia nyingine kwa wiki mbili tatu, na mambo yakasahaulika. Aibu yangu mimi ina upana wa ukuta mzima wa ukumbi. Kila inapoonyeshwa ile filamu naaibika upya, kwa rangi kamili na sauti safi, na naambiwa watu wanaipenda na itaendelea kuzungushwa. Kwa hiyo afadhali niwasimulie mwenyewe kabla hamjaletewa habari na watu wasionitakia mema (mke wangu, kwa mfano).

Yote yalianza na kifo cha rafiki yangu Kiprono. Tulikaa chumba kimoja chuoni, yeye akisomea kilimo, mimi nikisomea mambo ambayo hadi leo nikiulizwa yanahusu nini huwa nakohoa kwanza. Baadaye sote tuliishia hapa Eldoret, mimi nikifundisha, tukazeeka tukitembeleana Jumapili, na siku moja, kabla hajaanza kuugua, tulikuwa sebuleni kwake mjini, mkewe Mama Jeruto akiwa ametoka kwenda dukani, Kiprono akaniinamia kama mtu anayetaka kukuuzia ng'ombe wa wizi.

"Ile siri ya chuoni," akasema, "ukiitoa nikiwa hai, mimi na wewe hatujuani. Lakini nikitangulia, simama siku ya mazishi uiseme mbele ya Mama Jeruto. Nataka siku hiyo acheke. Kulia atakuwa amelia ya kutosha."

Nikaahidi. Ni rahisi sana kumwahidi mtu anayekumiminia chai.

Basi ikafika siku ya kutimiza. Mazishi yalikuwa shambani kwake Chepsaita, mahali ambapo alinialika miaka na miaka nami nikawa najibu kwamba nitakuja wakati wa mahindi mabichi. Mke wangu alikuwa ametangulia tangu jana yake pamoja na akina mama wa kupika. Kwenye ratiba nilikuwa nimewekwa mimi kuzungumza kwa niaba ya marafiki. Asubuhi mke wangu akanipigia simu.

"Baba Njeri, ukifika senta, ingia kulia baada ya kinu cha posho. Ukipotea, uliza. Umenisikia? Uliza."

"Mimi si mtoto."

"Ndiyo maana nakwambia uliza. Mtoto huuliza bila kuambiwa."

Niliendesha gari kutoka Elgon View (upande wa nyuma, ule wa nyumba za kupanga, msinipe utajiri nisiokuwa nao) nikiyarudia maneno yangu kwa sauti. Pale senta ya Chepsaita kulikuwa na vijana wa bodaboda wamekaa tu, hawana abiria, wangenielekeza kwa furaha na hata kunisindikiza. Lakini nilipoingia kulia baada ya kinu nikaona mbele yangu, nyuma ya miti ya misaipresi, hema jeupe, viti vya plastiki, magari yameegeshwa kwenye nyasi, na watu wamevaa nguo nyeusi. Nikajiambia, msomi mzima unauliza nini na hema hilo hapo? Huo ndio uamuzi wangu mdogo. Mengine yote ni matunda yake.

Nilizima simu, kwa heshima. Miwani yangu ya kuonea mbali nikaiacha ndani ya gari, kwa sababu nilijua nitalia, na mtu mzima akilia na miwani hufanana na dirisha la jikoni.

Mtaniuliza, kwani hukuona kamera? Niliziona. Niambieni ninyi, ni nani siku hizi anazikwa bila kamera? Mazishi yetu yana kamera tatu, ndege ndogo inayozunguka juu ya kaburi, na kijana wa kuwarushia matangazo jamaa walio ng'ambo. Hizi zilikuwa kubwa kidogo na taa zake zilikuwa nyingi, nami nikasema, Kiprono, kumbe ulikuwa umejipanga.

Langoni nikapokewa na msichana mwenye vifaa vya kusikilizia shingoni. "Mzee, umechelewa!" akaniambia kwa ukali. "Wenzako wamefika hapa tangu saa moja." Nikaomba msamaha. Akanishika mkono akanikalisha mstari wa pili, akanitazama usoni, akatoa kitambaa chenye poda akanifuta kipaji cha uso. Nilishangaa, sitawadanganya, lakini niliona aibu kuuliza. Nikafikiri labda ni huduma mpya, kama vile siku hizi wanavyogawa maji ya chupa.

Tena kwetu huwezi kufika matangani ukauliza aliyekufa ni nani. Na mtu akishalala, jina lake huondoka kabla ya mwili. Wote waliosimama mbele yangu walisema "marehemu" hivi na "marehemu" vile, marehemu alipenda watu, marehemu alikuwa mkulima hodari. Kiprono alikuwa mkulima hodari. Sikumwona hata mtu mmoja ninayemfahamu, lakini ukoo wake ni mkubwa. Mke wangu sikumwona, lakini yeye najua yuko nyuma na sufuria. Mjane alikuwa amekaa mbele, miwani nyeusi, kitambaa cheusi, ameshikwa na wanawake wawili. Kwa macho yangu yale nilimwona amekonda sana na amerefuka kidogo. Nikasema moyoni, huzuni ina mambo yake.

Emsii akauliza, "Kuna rafiki wa marehemu angependa kusema jambo?"

Nikasimama.

Nilisema hivi, na ninakumbuka kila neno kwa sababu ya mtakayoyaona mbele. Nilisema mimi na marehemu (na mimi pia sikutaja jina, ningelitaja ningevunjika pale pale) tuliishi chumba kimoja chuoni, na kulikuwa na msichana wa bweni la juu aliyesema hadharani kwamba hawezi kuolewa na mwanamume asiyejua kupika chapati. Marehemu akaja chumbani akiwa na kilo mbili za unga na jiko la umeme la koili, ambalo lilikuwa marufuku. Hatukuwa na kifimbo cha kusukumia, akatumia chupa ya soda. Kwa muhula mzima nilikula chapati za maumbo ya nchi zote za Afrika, nyingine mbichi katikati kama udongo wa kinamo, na zote, bila kukosa, zimeungua upande mmoja. Siku ya moshi mkubwa mlinzi wa bweni alipogonga mlango, marehemu alilala kitandani akajifunika blanketi na jiko likiwa moto chini ya kitanda, nami nikaambiwa niseme ana malaria. "Anatoka moshi," mlinzi akasema. Nikajibu, "Ni homa kali, mzee." Kisha siku moja akatoa chapati ya duara, laini, imeiva pande zote mbili. Akaifunga kwenye gazeti, akakimbia nayo hadi bweni la juu. Na alipoulizwa amejifunzia wapi, akajibu, "Nilifunzwa na mama yangu nikiwa mdogo." "Mama," nikamgeukia mjane, "uongo huo umeulea miaka yote ya ndoa yako. Amenituma nikwambie ukweli leo. Alitaka ucheke."

Dada mmoja mrefu aliyejitanda mtandio wa kijani, ambaye nilidhani ni jirani, akasogea taratibu. "Mzee, hiyo ilikuwa safi sana. Tafadhali rudia. Kutoka mwanzo."

Nimeshuhudia harusi ambapo keki ilikatwa mara tatu kwa sababu mpiga picha hakuwa tayari. Nikarudia. Akasema gari limepita barabarani limeharibu sauti, nirudie tena. Nikarudia, na nisiwafiche, mara ya tatu niliisema vizuri kuliko zote, ile homa kali niliiwekea na mkono. Ndipo mjane mabega yakaanza kumtikisika. Akainua uso. Akatoa kicheko kidogo, cha puani, kama mtu aliyesahau kwamba kucheka kupo, na kabla hakijafika mwisho kikakatika kikawa kilio, halafu kikarudi tena kuwa kicheko. Mimi machozi yalinimwagika hadi kwenye tai. Nikasema kimoyomoyo, Kiprono, kazi uliyonituma nimeimaliza.

Yule dada akapiga kofi. "Asanteni sana, tukapate chakula!" Watu wakainuka kwa shangwe ambayo niliona haifai. Mimi nikaenda kuinamia picha ya rafiki yangu mara ya mwisho. Nilipofika karibu, macho yangu yakafanya kazi, nikakuta pale kwenye fremu, katikati ya maua, mwanamume mnene mwenye masharubu makubwa.

Kiprono hakuwahi kuota masharubu hata alipoyaombea.

Mtu akigundua kwamba amelia katika matanga yasiyo yake hafanyi kelele. Nilirudi nyuma polepole, nikazunguka nyumba nipitie jikoni nifike kwenye gari bila kuonekana. Na pale nyuma ya jikoni, juu ya kreti la soda lililogeuzwa, amevaa suti nyeusi, uso mweupe kwa unga, pamba imening'inia kwenye tundu moja la pua, ameketi yule mtu wa masharubu, anatafuna paja la kuku.

Akaniangalia kwa upendo. "Mzee," akasema, "umenililia vizuri sana."

Mimi ni mtu wa vitabu. Nimeandika makala za kuwacheka wanaoamini mizimu. Siku hiyo nilipiga ukelele wa "Shindwe!" ambao nadhani ulisikika hadi mji wa Moi's Bridge, nikageuka nikakimbia. Mguu ukanasa kwenye nyaya za taa, nikashika kamba ya hema ili nisianguke, hema likaja nami, nguzo ikagonga jeneza, jeneza likaanguka likafunguka, na ndani yake mkatoka blanketi na matofali mawili. Nikapiga "Shindwe!" ya pili, ya kumalizia.

Kwanza nilisikia kicheko cha mjane. Alikuwa ametoa miwani nyeusi, msichana ambaye hangeweza kufikisha miaka thelathini na mitano, ameshika mbavu. Yule dada wa mtandio wa kijani akanisaidia kutoka chini ya turubai, akaniambia jina lake ni Hodan, kwamba yeye ndiye mwongozaji wa filamu hii, kwamba marehemu wa masharubu ni mwigizaji, na kwamba walikuwa wamemngoja mwigizaji mmoja kutoka mjini ambaye hakufika.

"Mzee, kwani wewe ni nani?"

"Mimi nimekuja kwa mazishi."

"Ya nani?"

Ndipo nikakumbuka. Nikawasha simu. Mke wangu alikuwa amepiga mara ambazo sitaki kuzitaja.

Nyumba ya Kiprono ilikuwa mbele kidogo kwenye barabara ile ile, lango la pili. Nilipofika, kaburi lilikuwa limeshafunikwa na watu walikuwa wanaosha mikono. Mama Jeruto alikuwa amekaa peke yake kwenye kiti, mfupi na mnene kama alivyokuwa siku zote, na nilipomwona ndipo nilipojua ukubwa wa ujinga wangu.

"Mwalimu," akasema, "tulikuita mara tatu."

Nikamweleza. Hebu jaribuni ninyi kumweleza mjane, mbele ya kaburi mbichi, kwamba umechelewa kwa sababu ulikuwa lango la kwanza unamlilia mtu wa sinema aliyekuwa anakula kuku. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatazama poda iliyobaki kwenye paji langu, akasema, "Sawa."

Mnaijua ile "sawa".

"Mama Jeruto, kuna jambo aliniachia nikwambie. Naweza kukwambia sasa hivi."

"Hiyo ilikuwa ya kusemwa yeye akiwa bado hapa anasikia. Sasa amefunikwa." Akainuka, akaingia ndani.

Miezi ikapita. Jumapili nilikuwa nikipita kwake mjini, nakaribishwa, napewa chai, na kila nikifungua mdomo anaongea habari za mbolea. Mke wangu aliniambia nimwache. "Wewe ulipata siku yako ukaipeleka kwa jirani," akasema.

Kisha Hodan akaja nyumbani. Alisema filamu imekamilika na anaomba ruhusa yangu, nikikataa ataikata sehemu yangu, ila angependa nijue kwamba kicheko kile cha mjane hakikuwa kimeandikwa popote, kwamba msichana yule alikuwa ameigiza siku nne bila kupata anachokitafuta mpaka niliposimama mimi, na kwamba baada ya siku ile walibadilisha hadithi. "Mzee, una kipaji cha asili," akamaliza. Nikatia sahihi kabla hajaweka kikombe chini. Mwanaume akiambiwa ana kipaji hasomi maandishi madogo.

Siku ya onyesho, Jumamosi mchana, mjini, nilienda mapema nikakaa kona ya nyuma. Nilikuwa nimemweleza mke wangu tu, na kwa kiapo. Akaja na mgeni. Mama Jeruto, kofia ya kanisani, mkoba mapajani, akaketi kando yangu.

Ile filamu, nikiweka aibu pembeni, ni nzuri. Ni hadithi ya mzimu ambayo mzimu hauonekani hata mara moja. Hakuna mlango unaojibamiza, hakuna paka mweusi. Ni mwanamke ndani ya nyumba ambayo mtu amepungua, na kamera imetulia inamtazama akifanya kazi za kawaida. Anaandaa vikombe viwili, anakumbuka, anarudisha kimoja, halafu anakitoa tena. Yule msichana halii. Anaukunja uso kidogo tu anapoliona sweta kwenye kamba. Kijana mmoja mstari wa mbele alikuwa analalamika, "Sasa hii mzimu itatokea saa ngapi? Mimi nililipa nishtuke!" Mwenzake akamjibu, "Nyamaza, buda, iko hapo. Huioni?" Na kweli ilikuwa hapo.

Halafu likaja hema. Nikajiona, mkubwa kama lori, tai imepinda, poda usoni. Ukumbi ukaanza kucheka nilipofika kwenye nchi za Afrika, ukazidi kwenye homa kali. Mimi niliteremka kwenye kiti hadi magoti yakagusa chini. Sikuthubutu kumtazama Mama Jeruto. Nilimsikia tu ameacha kufungua peremende aliyokuwa anafungua. Pale mbele, mjane wa sinema akainua uso, akatoa kile kicheko cha kukatika.

Kando yangu, hakuna kitu. Nikajua nimekwisha. Si kwamba nilikosa tu mazishi ya rafiki yangu, nimeitangaza siri ya nyumba yake kwa watu waliolipa kiingilio.

Karibu na mwisho wa filamu kuna asubuhi moja. Mwanamke anaingia jikoni, anasimama. Juu ya meza kuna unga umemwagika kidogo, na chupa ya soda imelala ubavu. Kuna sahani imefunikwa. Anaifunua. Chapati moja. Anaigeuza. Upande wa chini umeungua.

Anavuta kiti, anaketi, anaimega.

"Ai, Kiprono," Mama Jeruto akasema.

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama vile mtu ameingia na viatu vya matope. Halafu akaanza kucheka. Alianza polepole, mkoba ukaruka mapajani, kofia ikahama, akacheka hadi watu wa mbele wakageuka wakatusihi tunyamaze, na machozi yakawa yanashuka huku anacheka, na mke wangu akamshika mkono huu, mimi nikamshika ule.

"Miaka yote hiyo," akaninong'oneza, "mama mkwe alikuwa ananiambia yeye mwenyewe hajui chapati, na mimi nilidhani anajinyenyekeza!"

Ningependa tungeishia hapo. Lakini majina yakaanza kupanda kwenye ukuta, na langu likapita, kando yake pameandikwa "Mwombolezaji Aliyechelewa", na majina yalipokwisha, watu wakiwa wameshasimama, Hodan (na hilo lilikuwa kwenye maandishi madogo) akawa ameweka zawadi ya mwisho, iliyonaswa na kamera moja ambayo haikuzimwa wakati wa chakula: mimi natokea nyuma ya jikoni nikikimbia, "Shindwe!", hema linaanguka, jeneza, matofali, "Shindwe!" ya kumalizia. Ukumbi wote ukasimama ukapiga makofi. Tangu siku hiyo siwezi kununua sukari mjini bila kijana wa dukani kuniitikia kwa neno hilo.

Nimeapa, na mke wangu ni shahidi. Siendi tena mazishini bila miwani, na siingii chini ya hema lolote kabla ya kusimama langoni na kuuliza kwa sauti, "Samahani, marehemu ni nani, na amekufa kweli?" Watu wananiangalia vibaya. Wacha waniangalie.

Lakini siku ile, tulipotoka, Mama Jeruto alikataa kurudi na mke wangu. Aliingia kwenye gari langu, akafunga mkanda, akaweka mkoba vizuri.

"Mwalimu. Hao wageni uliwaambia mara ngapi?"

"Mara tatu, mama."

"Basi na mimi." Akanyoosha kofia yake. "Rudia. Kutoka mwanzo. Na safari hii umtaje jina."